Deni la Mnenaji

Asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii ni ya barazani, mahali ambapo wazee wa pwani walikaa juu ya vibaraza vya mawe nje ya nyumba zao, wakakata mashauri ya mji baina ya sala ya alasiri na ya magharibi. Aliyekosa kuja hakuwa na haki ya kulalamika kesho yake kwamba shauri limekatwa bila ya yeye. Methali ni ya kweli, lakini imenyamazia jambo moja zito. Haikueleza hali ya mtu aliyekuwapo, akakaa, akasikia yote, akafaidika, kisha akaondoka bila ya kutia neno. Lake lipo au halipo? Na ikiwa halipo, kosa ni la nani: ni lake yeye aliyefunga kinywa, au ni la baraza ambalo halikumwuliza?

Swali hilo ni kongwe, ila katika miaka hii limepata baraza jipya. Wako watu ambao kazi yao ni kuandika programu, yaani kupanga amri ambazo kompyuta huzifuata neno kwa neno. Kazi hii yaonekana ya upweke. Mtu hukaa mbele ya kioo usiku kucha, akabishana na kitu kisicho na masikio. Walakini wenye kazi hiyo ni watu wa mikutano kupita wavuvi na maseremala, na sababu yake ni kwamba vyombo vyao vingi havina bwana mmoja. Lugha ya Python, ambayo Guido van Rossum alianza kuiunda Amsterdam mwishoni mwa mwaka wa 1989 na kuitoa kwa watu mwaka wa 1991, hainunuliwi wala haikodishwi. Kila mtu aweza kuitazama ndani, kuitengeneza na kumpa mwenziwe. Kadhalika Django, chombo cha kujengea tovuti kilichozaliwa katika ofisi ya gazeti la mji wa Lawrence, Kansas, huko Marekani, na kutolewa bure mwaka wa 2005. Chombo cha namna hii hutunzwa na wale wanaokitumia, na watunzaji hawana budi kuonana. Watu wa Python walipokutana mara ya kwanza, mwezi wa Novemba 1994 katika jimbo la Maryland, hawakuzidi sana 20. Mkutano wao wa Afrika nzima ulifanywa mara ya kwanza Accra, Agosti 2019. Watu wa Django wa bara hili walikutana Unguja Novemba 2023, kisha Arusha Agosti 2025. Basi baraza limefika mpaka nyumbani kwa wenye methali.

Utaratibu wa mikutano hii wastahili kuelezwa, maana ndani yake mna hukumu. Miezi kadhaa kabla ya siku, waandaaji hutoa mwito: mwenye neno na alete pendekezo. Pendekezo ni aya chache zenye kusema mtu atanena nini na msikilizaji ataondoka na nini. Kamati husoma, hupima, huchagua. Baadhi ya kamati hufunika majina ili mtu mashuhuri asipite kwa umashuhuri wake. Aliyechaguliwa hupewa nusu saa au zaidi kidogo. Mbali na hao, aghalabu huwapo mazungumzo ya dakika 5, ambayo mtu hujiandikisha siku ile ile, na dakika zikiisha hupigiwa makofi hata kama hajamaliza. Kwa miaka mingi mkutano mkubwa wa Python wa Marekani ulimtoza kiingilio kila mtu, mnenaji na mwandaaji pia, ili pasiwe na mgeni wa heshima wala mtumishi. Kwa hiyo mlango, kwa sura yake, u wazi. Hapana lango la shahada. Hapana aulizaye mtu kasoma wapi. Aonaye mlango wazi akakaa nje, kuna kitu kilichomkalisha, na kitu hicho ndicho cha kuchunguzwa.

Na achukuliwe kwa mfano binti mmoja wa Tanga, asiye na jina kwa kuwa wenziwe ni wengi. Ameandika programu ya daftari la chama cha akiba na mikopo. Chombo alichotumia amekipata bure. Masomo aliyosoma ameyapata bure. Alipokwama, watu asiowajua walimjibu bila ya malipo. Siku moja mkaguzi wa hesabu aliona katika daftari kwamba chama kimepokea fedha mara nyingi saa 9 za usiku, wakati hata jogoo hajawika. Akamtilia shaka karani. Binti yule akatafuta siku 2 mahali pasipo kosa, ndipo akaliona. Mkulima aliyeleta fedha alisema saa 3 asubuhi. Karani akaandika 3. Na kompyuta, ambayo huanza kuhesabu saa usiku wa manane badala ya alfajiri, ikahifadhi saa 9 za usiku. Hapakuwa na mwizi. Palikuwa na hesabu mbili za saa zilizokutana katika tundu moja la fomu. Akaandika kipande cha programu chenye kuuliza kama ni asubuhi, mchana au usiku, kikageuza saa ipasavyo, na kikauliza tena kila jibu lilipoangukia nje ya saa za kazi. Karani akarudishiwa heshima yake.

Binti huyu alikwenda Arusha. Alikaa nyuma siku zote za mkutano, akaandika daftari zima, akarudi Tanga na maarifa mengi. Hakusema neno. Rafiki yake alipomwuliza kwa nini hakujiandikisha hata kwa dakika 5, alijibu: mimi nani hata ninene mbele ya mabingwa?

Wako watakaomsifu kwa jibu hilo. Watasema kimya chake ni adabu, na kwamba dunia ina uhaba wa watu wajuao mipaka yao. Debe tupu haliachi kuvuma. Wana hoja, nayo haifai kupuuzwa. Watu 100 wakikaa kumsikiliza mtu mmoja kwa nusu saa, wametoa saa 50 za maisha yao, na saa hazirudishwi kama fedha. Mwizi wa kuku hufungwa. Mwizi wa saa 50 hupigiwa makofi. Na wezi hao wapo. Yupo apelekaye hotuba ile ile mji baada ya mji mpaka maneno yamechujuka kama kanga ya mtumba. Yupo aliyetumwa kuuza bidhaa, naye ameipaka bidhaa yake rangi ya elimu. Yupo, naye pengine ndiye mwenye dhambi kubwa zaidi, aonyeshaye mtambo ukienda kama maji mbele ya watu, ilhali ajua kwamba ulimkwamia mara 7 usiku uliotangulia. Kijana amsikilizaye hurudi kwao, mtambo ukamkwamia yeye mara moja tu, akajiona mpumbavu. Mnenaji yule hakusema uongo hata neno moja. Alificha tu, na maficho yake yamemvunja mtu moyo.

Hoja hiyo, hata hivyo, yahukumu uvivu na udanganyifu. Haihukumu uchache wa elimu. Watu wa pwani walilijua jambo hili katika vyuo vyao vya Kurani. Mwalimu alikuwa mmoja na watoto wengi, wa kila kimo. Mtoto aliyekwisha vuka alifu na be alikalishwa karibu na yule aliyekuwa angali hajavuka, amwonyeshe. Hakungojwa mpaka ahitimu. Wala haikuwa kwa sababu ya upungufu wa walimu peke yake. Aliyevuka mto jana angali akumbuka jiwe lipi liliteleza. Bingwa alivuka zamani mno. Mguu wake hupita juu ya jiwe lile bila ya yeye kujua kwamba lipo, na akiombwa aeleze njia hulisahau. Ndiyo maana maelezo ya mabingwa, pamoja na ukweli wake wote, mara nyingi huwafaa mabingwa wenziwe.

Tena kuna mambo ambayo bingwa hakuyasahau, bali hakuyapata kuyajua. Katika mkutano ule wa Arusha hapana shaka walikuwapo watu wenye elimu kumpita binti wa Tanga mara 10. Lakini mtu aliyekulia Kansas au Berlin, ambako jua na saa havina ahadi, angeweza kuandika programu miaka 30 asifikirie kwamba 3 yaweza kuwa 9. Elimu hiyo ilikuwa kwa mtu mmoja aliyekaa kiti cha nyuma. Unyenyekevu wake ulikuwa umepima jumla ya elimu, kumbe katika baraza hakipimwi kikapu kizima cha mtu. Hutazamwa kitu kimoja alichokileta ambacho wengine hawanacho.

Mfano mmoja wa Marekani wasaidia hapa. Tarehe 5 Machi 1975 watu wapatao 30 walikutana katika gereji ya Gordon French, Menlo Park, California, kutazama kompyuta ndogo ambayo mtu aweza kuwa nayo nyumbani. Mmoja wao alikuwa Steve Wozniak. Kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa na haya kupita kiasi. Katika mikutano ya chama kile hakuinua mkono. Alichofanya ni kuleta chombo alichokuwa akikiunda, akakiweka baada ya mkutano, watu wakamzunguka. Michoro yake aliigawa bure. Chombo hicho, mwaka uliofuata, ndicho kilichoitwa Apple I. Basi mwenye haya aweza kuchukua faraja: kunena si lazima kuwe kwa sauti kubwa juu ya jukwaa. Lakini asichukue faraja zaidi ya ile iliyomo. Wozniak hakuinua mkono, ila hakurudi kwao na chombo chake kimefichwa chini ya koti. Haya yake ilimfunga ulimi, haikumfunga mkono.

Hapo ndipo deni laonekana. Deni la fedha hulipwa kwa yule aliyekopesha. Deni la elimu iliyotolewa bure haliwezi kulipwa hivyo, maana mkopeshaji hajulikani, au yu mbali, au amekufa, na pengine hahitaji kitu. Hulipwa mbele, kwa mtu ajaye. Binti wa Tanga alijibiwa na watu asiowajua. Kesho yuko karani wa Kisumu au wa Bujumbura atakayetiliwa shaka kwa kosa lile lile la saa, na hapana atakayemjibu, kwa kuwa jibu limelala katika daftari la mtu mwenye adabu. Kimya chake hakikuwa uchoyo, na itakuwa dhuluma kukiita hivyo. Walakini kwa karani yule, kimya cha adabu na kimya cha uchoyo vina matokeo mamoja.

Lakini je, haki yasema mzigo wote abebe yeye? Hesabu moja yajibu. Katika mkutano wa Python wa Marekani wa mwaka wa 2011, hotuba zilizotolewa na wanawake zilikuwa asilimia 1 tu. Mwaka wa 2016 zilikuwa asilimia 40. Miaka 5 haitoshi kuwatia wanawake elimu wasiyokuwa nayo. Elimu ilikuwapo. Kilichobadilika ni kwamba watu walitumwa kuwauliza mmoja mmoja, kwa majina yao: wewe, una neno; lilete, nasi tutakusaidia kuliandika. Mwito wa jumla, ule usemao mwenye neno na alete, huwafikia walio na desturi ya kujiona kuwa na neno. Wengine huusikia wakageuka kutazama nyuma yao ni nani aitwaye. Berlin, mwaka wa 2014, Ola Sitarska na Ola Sendecka walianzisha Django Girls, mafunzo ya bure ya kuwafundisha wanawake waliokuwa hawajapata kuandika programu hata mstari mmoja, na mafunzo hayo yameenea nchi nyingi, za Afrika ya Mashariki zikiwamo. Mlango ulio wazi ni jambo jema. Mtu wa kusimama mlangoni akakaribisha ni jambo jingine, nalo lina gharama.

Kuna gharama nyingine ambazo husahauliwa na walio karibu. Nauli ya basi kutoka Tanga mpaka Arusha mtu aweza kuitafuta. Nauli ya ndege kutoka Dar es Salaam mpaka Accra yaweza kupita mshahara wa miezi, na viza za Waafrika katika nchi za Waafrika zimewazuia wengi waliokwisha kubaliwa kunena. Waandaaji wengi hutenga fungu la kuwasaidia. Fungu halitoshi, lakini kulitenga ni kukiri kwamba kuwapo kwenyewe ni mali, na kwamba methali ya baraza ilitungwa na watu waliokaa umbali wa kutembea kwa miguu.

Imebaki lugha, na hapa jambo ni zito kupita nauli. Mikutano hii hunenwa Kiingereza. Yaweza kutetewa: mgeni wa Accra na wa Kigali na wa Addis Ababa wataelewana kwa lipi lingine? Ila itazamwe habari ya binti wa Tanga. Akisimama kueleza kosa lake kwa Kiingereza, ulimi wake, kwa mazoea ya shule, hugeuza saa 3 asubuhi kuwa saa 9 ya Kizungu bila ya yeye kuhisi. Hesabu ambayo karani hakuifanya, na kompyuta haikuifanya, ulimi wake waifanya kimyakimya. Na kwa kuifanya, waliua jambo lenyewe lililomleta jukwaani. Wasikilizaji watasikia saa 9, watatazama saa zao za mkononi, wala hawataona tatizo liko wapi. Itambidi atamke neno la Kiswahili kwanza, aliache limesimama hewani, kisha aeleze. Elimu yake haikai katika Kiswahili peke yake wala katika Kiingereza peke yake. Imekaa katika ufa ulio kati ya lugha hizo, na asiyekuwa na lugha zote mbili hauoni ufa huo.

Upande wa pili wa jambo hilo ni aibu kidogo. Mwaka wa 2004 mradi uliokuwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi zilizoandikwa Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice. Kazi ilifanywa na wajuzi, kwa subira. Maneno yapo. Kompyuta yenyewe ina majina zaidi ya moja, maana wengine huiita tarakilishi na wengine ngamizi, kana kwamba ni mtoto wa mfalme. Ila neno haliishi kwa kuwa limo katika orodha. Huishi kwa kuwa mtu amelitamka mbele ya mwenziwe akaeleweka, na mwenziwe akalichukua kwenda nalo. Watu wa programu wa Tanga, Mombasa na Unguja huandika msimbo wa kompyuta kutwa, hupumzika wakazungumza mpira na siasa kwa Kiswahili safi, kisha wakirudi kwenye kazi hubadili lugha kama mtu avuaye kanzu kuvaa koti. Lawama si yao peke yao. Walimu wa Kiswahili nao wamekaa vyuoni mwao wakitunga istilahi, wasihudhurie hata mkutano mmoja wa watu watakaozitumia. Asiyekuwapo na lake halipo. Methali haikumsamehe mwenye shahada.

Yafaa basi deni lilipwe kwa vinywa viwili: kwa Kiingereza mbele ya wageni, na kwa Kiswahili katika mkutano mdogo wa mji, ambako mafundi 15 hukusanyika jioni moja ya mwezi katika chumba cha kuazima, wakakaa juu ya viti vya plastiki. Mkutano mdogo hudharauliwa na wenye haraka ya kusifiwa. Kumbe huko ndiko hotuba hujaribiwa, na huko ndiko asiyepata kuuliza huuliza. Eric Holscher, mtu wa mikutano ya waandishi wa maelezo ya programu, alitoa mwaka wa 2017 shauri jepesi, akalipa jina la Pac-Man, ule mchezo wa kompyuta wa duara lenye kinywa: watu wakisimama kuzungumza, duara lao na liache nafasi ya mtu mmoja, na akija mmoja akaijaza, waachane tena kidogo. Ni jambo dogo hata laonekana la kitoto. Lakini mtu aliyepata kusimama peke yake na kikombe cha chai katikati ya migongo ya watu ajua kwamba nafasi ile ya hatua moja ndiyo inayoamua kama atarudi mwakani.

Binti wa Tanga, akiuchukua mwito, hana haja ya nusu saa. Dakika 5 zamtosha. Ya kwanza aonyeshe daftari lile lenye fedha zilizopokewa saa 9 za usiku, anyamaze kidogo, watu wacheke. Ya pili aseme kwamba karani alitiliwa shaka, ili wakome kucheka. Ya tatu aeleze siku 2 alizopoteza akitafuta mahali pasipo kosa, asizifiche hata moja. Ya nne aonyeshe mistari ile michache aliyoandika. Na katika ya tano aseme lile asilolijua. Maana kwa wazee wa pwani siku huanza jua likichwa. Mzee asemapo usiku wa Ijumaa, aghalabu ataka usiku ule wa kuamkia Ijumaa, na kompyuta huuita usiku wa Alhamisi. Katika chama chake wako wazee wasemao hivyo na vijana wasemao vingine, katika daftari moja, na mpaka leo hajapata njia ya kumjulisha mtambo ni nani anayesema. Kama yuko mwenye kujua katika ukumbi, amfuate nje. Atakuwa karibu na meza ya chai.